Jina Chini ya Kiraka

Nyumbani kwa kina Tamsin Direen, saa ya jiko la umeme hudanganya nusu mwaka mzima. Kila Oktoba sisi watu wa Hobart, kusini ya mbali ya Australia, tunasogeza saa zetu mbele kwa saa moja, ili jioni za kiangazi ziwe ndefu. Saa ya jiko la kina Tamsin haisogei. Kitufe chake kilivunjika zamani, na mama yake, ambaye huendesha basi la jiji na huchelewesha kila kitu isipokuwa basi lenyewe, hajawahi kupata siku ya kukitengeneza.

"Jiko linasema saa kumi na mbili," Mama alisema Jumamosi hiyo ya likizo, akifunga kamba za viatu. "Kwa hiyo ni saa moja. Amka, Tam, mkate wako unaungua."

Tamsin alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikula mkate wake wa siagi akiwa amesimama, akatia kompyuta yake kuukuu kwenye begi, akatoka. Getini alikuta Bridie Woolnough anamsubiri. Nyumba zao zilitazamana, na urafiki wao ulianza kabla hawajajua kufunga vifungo vya koti. Bridie alikuwa msemaji, na kila jambo alilifanya mbio. Tamsin alikuwa mpole wa mambo, mtu wa kurudia hesabu yake hata kama imetoka sawa.

"We Tam, unatembea kama unabeba mayai," Bridie alimwambia.

"Nabeba kompyuta. Ikianguka utaninunulia nyingine?"

"Hiyo? Hiyo ikianguka ndiyo itapona."

Walicheka mpaka maktaba ya Moonah, mahali ambapo watoto wa chama cha kompyuta walikutana Jumanne na Jumamosi wakati wa likizo.

Kiongozi wa chama aliitwa Gwenda Quarrell. Kazi yake ya kila siku aliifanya nyumbani kwake kwa kandambili, na ilikuwa kazi kubwa kuliko kandambili hizo zilivyoonyesha. Ndani ya kila kompyuta mna programu inayotawala nyingine zote na kuamua ipi ifanye kazi na ipi ingoje. Wenyewe wanaiita kiini. Gwenda alikuwa mtunzaji wa chombo kinachoitwa Nyayo. Kila kiini kinapofanya jambo, Nyayo hulirekodi na kulipiga muhuri wa saa, ili kompyuta ikikwama mafundi waone ni jambo lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Watu wa nchi nyingi waliitegemea, na hawakuilipia hata senti.

Siku hiyo Gwenda alikuwa amewapa watoto zoezi la kufuatilia ujumbe mmoja unavyopita ndani ya kompyuta zao. Tamsin alitazama skrini yake kwa muda, akainua mkono.

"Gwenda, hapa kwangu ujumbe umepokewa kabla haujatumwa."

Watoto waliangua kicheko. "Kompyuta ya Tam inapiga ramli," mmoja alisema. "Iulize nani atashinda kriketi."

"Umesoma vizuri?" Gwenda aliuliza.

"Nimesoma, nikarudia, nikaanza upya. Inatoka hivyo hivyo."

Gwenda alivaa miwani, akainama. Alisoma mstari kwa mstari, na watoto wakaacha kucheka.

"Nadhani najua," Tamsin alisema polepole. "Kompyuta yangu ina vichakataji viwili, ni kama bongo mbili, na kila kimoja kina saa yake. Hiki cha pili saa yake iko nyuma kidogo. Ni kama jiko letu nyumbani. Sisi tunajua linachelewa, tunajumlisha. Lakini Nyayo haijui. Inaamini kila saa inavyosema."

"Tam," Gwenda alisema, "hilo ni kosa letu, na limekaa humo miaka bila sisi kuliona. Umelikamata wewe. Sasa litengeneze, kisha unitumie kiraka."

Kiraka ndivyo wanavyoita marekebisho madogo ya programu, kwa sababu hushonwa juu ya tundu. Watu wa kiini wana desturi moja ambayo hawana mchezo nayo. Chini ya kila kiraka huandikwa majina: aliyegundua kosa, aliyeandika kiraka, aliyekijaribu. Mwandishi huweka sahihi, na sahihi hiyo ni kiapo kwamba kazi ni yake. Gwenda akishakipeleka kwa mkuu wa kiini, kikaunganishwa na programu, majina hayo hayafutiki tena.

Tamsin hakuwa mtoto wa zawadi. Kwenye mashindano ya kuogelea ya shule alipewa kila mwaka utepe wa kushiriki, ule wanaopewa wote waliolowa. Sasa jina lake lingekaa ndani ya kitu ambacho watu wasiomjua wanakitumia. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote, na hakumficha Bridie.

"Watu wa Brazil wataona jina langu," alisema mchana ule, wakila chipsi za moto kwenye ngazi za nyuma ya nyumba.

"Watasema, huyu Tamsin ni nani, mbona anatembea taratibu hivi?" Bridie alijibu, na Tamsin akamtupia chipsi.

Tamsin aliandika, Bridie akabonyeza vitufe vya kujaribu na kusoma matokeo kwa sauti. Jioni ilipofika, kwenye kompyuta ile kuukuu mambo yalikuwa yamekaa kwa mpangilio: ujumbe unatumwa, kisha unapokewa. Bridie aliomba nakala akaisome nyumbani.

"Lakini hii ni rasimu," Tamsin alimwambia. "Ona namba hii hapa. Nimeiweka kwa muda tu, kwa sababu—"

"Nimeelewa, nimeelewa," Bridie alisema, mdomo umejaa.

Jumapili Tamsin aliamka na homa. Jumanne hakuweza hata kukaa, na siku zilizofuata alilala tu, akimsikia kwa mbali Mama akigombana na kipimajoto. Bridie hakuja kumwona. Tamsin alidhani anaogopa kuambukizwa, akamwona ana akili.

Jumamosi alijikongoja mpaka maktaba. Bridie alikuwa ameshaondoka peke yake, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Tamsin alipofungua mlango, alikuta wote wamesimama wanapiga makofi, na Gwenda amemshika Bridie bega.

"Ingia, Tam, umechelewa habari njema," Gwenda alisema. "Bridie amenitumia kiraka cha Nyayo. Nilidhani wewe ndiye utakiandika, lakini ameniambia ulimwachia. Nitakipitia Jumanne hapa mbele yenu, tukipeleke kwa mkuu. Bridie Woolnough, mwandishi wa kiraka. Ameweka na sahihi, kama mtu mzima."

Tamsin alitazama skrini kubwa ukutani. Maneno yalikuwa yake. Mpangilio ulikuwa wake, hata tabia yake ya kuacha mstari mtupu kila baada ya hatua. Chini, penye jina la mwandishi, palikuwa na jina lisilo lake. Penye aliyegundua kosa hapakuwa na kitu. Bridie alikuwa anatazama zulia.

Tamsin alipiga makofi mawili kwa sababu wote walikuwa wanapiga, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Walipotoka alimfuata Bridie mpaka nyuma ya maktaba, kwenye mapipa ya taka.

"Nilikuachia lini?"

"Ulikuwa mgonjwa," Bridie alisema. "Ingekaa tu pale. Nimesaidia."

"Nimekuuliza nilikuachia lini."

"Kwani ulisema ni siri? Mimi ndiye niliyebonyeza mchana mzima, mkono ukaniuma. Na wewe ungeweza kukituma siku ile ile. Huwezi kukaa na kitu kama kuku na yai halafu ukalia mwingine akitangulia."

"Hata kwenye aliyegundua hukuniandika. Hata hapo, Bridie."

"Ni kiraka tu, Tam," Bridie alisema, na akaondoka haraka haraka, kama kawaida yake.

Tamsin alibaki na mapipa. Angekuwa mtu mwingine aliyemwibia, angekasirika tu. Lakini huyu alikuwa Bridie, aliyejua kwamba bado analala na taa, aliyejua habari za utepe wa kushiriki na jinsi alivyolitaka jina lile. Alimwibia akijua anaiba nini. Tamsin alilia mpaka kamasi zikamtoka, akajifuta kwa mkono wa sweta, akaenda nyumbani.

Usiku alipokuwa anapiga mswaki, ndipo alipokumbuka ile namba. Bridie alikuwa ameituma rasimu kama ilivyo. Namba ilikuwa bado imo, na namba ile ilikuwa kipimo cha jinsi saa ya kompyuta yake kuukuu ilivyochelewa, hiyo moja tu. Kwenye kompyuta zilizo sawa, kiraka kile kingeharibu saa nzuri. Ilikuwa kama kuwaamuru watu wote wa Hobart wajumlishe saa moja kwa sababu jiko la kina Direen ni bovu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Tamsin alitabasamu, na halikuwa tabasamu zuri. Gwenda alikuwa mtu makini, lakini namba moja katikati ya mistari mingi huenda asingeiona. Kiraka kingeingia. Baada ya hapo malalamiko yangemiminika kutoka kila nchi, na jina chini yake lingekuwa la Bridie Woolnough, lisilofutika. Alichotakiwa kufanya Tamsin ni kunyamaza.

Alinyamaza Jumapili yote. Mama alimuuliza kuna nini na Bridie, akajibu hakuna kitu.

Jumatatu Bibi yake alifika kutoka Burnie kwa ajili ya daktari wa macho. Nafasi hiyo aliingojea tangu majira ya baridi, na kwa miezi sasa hakuweza kusoma bila kuisogeza karatasi puani. Mama alikuwa kazini. Bibi alikaa jikoni na chai yake, koti keshalivaa, na Tamsin alikaa pembeni akiwaza jinsi Bridie atakavyoaibika.

Bibi alikodoa macho kwenye jiko. "Saa mbili tu," alisema. "Basi naweza kunywa kikombe kingine."

Tamsin alimsikia. Lakini alikuwa mbali, anamwona Bridie akitazama zulia, na maneno ya Bibi yakapita. Bibi alikunywa chai kwa raha zake, akaaga, akaenda kituoni kwa mwendo wa mtu mwenye muda.

Alirudi kabla ya chakula cha mchana, akakaa bila kuvua koti.

"Wameniambia nimechelewa," alisema. "Wamempa mtu mwingine nafasi yangu. Nyingine hakuna mpaka Aprili. Nimewaambia haiwezekani, nimeangalia saa." Aligeuka kulitazama jiko. "Inachelewa?"

"Inachelewa saa nzima, Bibi. Sote tunajua."

"Mnajua nyote?" Bibi hakupandisha sauti. "Na mimi nimekaa hapa na wewe, hukuniambia?"

Bibi alimpapasa kichwa, akasema basi, mambo hutokea, na upole huo ukamfanya Tamsin atamani angechapwa. Jioni Mama alipopata habari alibandika karatasi juu ya saa ya jiko, akimpigia daktari simu kwa mkono wa pili na kupewa majibu yale yale.

Kitandani Tamsin aliwafikiria wale watu wa Brazil na kwingineko. Nao wangeangalia saa na kuiamini. Wao hawakumkosea kitu.

Jumanne Gwenda alikiweka kiraka kwenye skrini kubwa. Bridie alikaa mbele, Tamsin nyuma kabisa.

"Usikipeleke," Tamsin alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. "Gwenda, usikipeleke. Kina kosa. Ile namba pale katikati haifai."

"Wivu huo," mtoto mmoja alinong'ona, na wenzake wakacheka.

Gwenda alishusha miwani. "Bridie, wewe ndiye mwandishi. Namba hii umeitoa wapi?"

Bridie aliitazama namba.

"Ni... ni ya kurekebisha saa," alisema.

"Hilo naliona. Lakini kwa nini ni hii na si nyingine?"

Masikio ya Bridie yalikuwa yamewiva.

"Tam, wewe unajua?"

"Ni kiasi ambacho saa ya kompyuta yangu inachelewa," Tamsin alisema. "Hii ya kwangu. Niliipima mwenyewe, nikaiweka kwa muda tu."

Waliokuwa wanacheka waliinamia vidole vyao, na Gwenda alivuta kiti akakaa mbele ya Bridie, magoti kwa magoti.

"Umeweka sahihi yako hapa," alisema kwa utulivu. "Sahihi ile nilikueleza ni nini?"

"Kiapo," Bridie alisema, na machozi yakaanza. "Nyumbani ni dada yangu tu, dada yangu chuo kikuu, dada yangu hivi. Nilitaka mara moja tu Baba awaambie watu habari zangu. Nilidhani Tam ataandika kingine. Yeye anaweza kuandika vingine. Mimi siwezi."

"Nakuhurumia kwa hilo," Gwenda alisema. "Lakini hukuchukua kwa baba yako. Ulichukua kwa rafiki yako. Na mimi sina mikono safi, maana nilitangaza jina bila kumuuliza Tam neno." Alimgeukia Tamsin mbele ya wote. "Nisamehe, Tam."

Gwenda alikuwa ameshawaonyesha kiraka watu wengine wa Nyayo, kwa hiyo Bridie alilazimika kuwaandikia wote, kwa mkono wake, kwamba kazi ile si yake na anaiondoa. Aliandika akifutafuta pua. Hakuna aliyemsaidia maneno.

Tamsin alianza upya. Safari hii hakuweka namba yoyote. Aliifanya Nyayo yenyewe iulize kila kichakataji, mwanzoni kabisa, saa yako iko nyuma kiasi gani, kisha ijumlishe kwa kadiri ya jibu. Jumamosi kiraka kilikuwa tayari, na Gwenda aliwaomba wote wakijaribu kwenye kompyuta zao. Mmoja baada ya mwingine walisema kwangu sawa, kwangu sawa.

Bridie alikuwa amekaa pembeni. Tangu Jumanne hakuna aliyempigia mzaha, na hakuna aliyemwita. Alipomaliza alinyanyua mkono nusu.

"Kwangu si sawa," alisema. "Inaanza vizuri. Lakini nikiifunga kompyuta ikalala, ikiamka saa inapotea tena. Nimerudia, nikaanza upya. Inatoka hivyo hivyo."

Tamsin alienda kutazama. Alisimama nyuma ya kiti cha Bridie, na ilikuwa vigumu kusimama pale. Bridie alikuwa amesema kweli. Kichakataji kikilala, saa yake husimama, na Nyayo ilikuwa inauliza mara moja tu. Ilibidi iulize kila kinapoamka. Tamsin alirekebisha pale pale, Bridie akabonyeza, na mambo yakakaa sawa.

"Sasa majina," Gwenda alisema.

Tamsin aliandika: aliyegundua kosa, Tamsin Direen. Mwandishi, Tamsin Direen. Akaweka sahihi, na moyo ukamdunda. Kisha vidole vikasimama juu ya mstari wa mwisho. Alitamani kuuacha mtupu, kama ule aliouona yeye kwenye skrini kubwa. Alijua hasa jinsi unavyouma.

Aliandika: aliyejaribu, Bridie Woolnough.

Gwenda aliwaita watoto wote wasogee. "Watu watakaotumia Nyayo hawatatujua sisi," aliwaambia. "Hawajui nani rafiki wa nani, nani kamkosea nani. Wanachotegemea ni kwamba tulichoandika ni kweli. Saa ikisema hili lilitangulia, lilitangulia. Jina likisema huyu alifanya, alifanya. Ukidanganya kwenye jina, usishangae watu wakiacha kuiamini na saa yako. Na ukijua kitu ni cha uongo ukanyamaza kwa sababu umeumizwa, watakaoumia ni wengine. Tam ameumizwa hasa, na bado amesema kweli mara zote mbili, kwenye namba na kwenye jina. Hilo ndilo nataka mjifunze, hata mkisahau mengine yote."

Kiraka kiliondoka mchana ule. Watoto walikusanya mabegi yao.

Bridie alimsubiri Tamsin mlangoni, begi amelikumbatia kifuani. "Umeniandika," alisema.

"Ulijaribu. Ni kweli ulijaribu."

"Kwa hiyo umenisamehe?"

Tamsin alifikiria, kwa sababu alikuwa mtu wa kurudia hesabu. Alitafuta ndani yake na kukuta bado panauma, pale pale.

"Bado," alisema. "Sijui lini."

Bridie aliitikia kwa kichwa. Walitoka, wakashika njia ya nyumbani, kila mmoja upande wake wa barabara. Na safari hii Bridie alitembea polepole, ili asimwache Tamsin nyuma.